Ufunguo Kwenye Meno

Antananarivo, 12 Machi 2006

Volatiana,

Wewe mtoto una moyo wa namna gani? Miaka miwili na miezi mitatu hujakanyaga kwangu. Kama Antsiranana imekumeza, basi iniandikie yenyewe iniambie, nijue moja. Kama bado una miguu, na najua unayo kwa sababu mimi ndiye niliyeiogesha, basi barabara iliyokupeleka kaskazini ndiyo hiyo hiyo inayorudi.

Nimeshakugombeza, sasa nakusalimu. Hujambo mjukuu wangu? Unakula wali mara tatu, au mnakula mikate ya watu wa bandarini? Mimi magoti yamekufa, macho yako hai. Paa lilivuja juu ya kitanda, nikahamisha kitanda. Shangazi yako Haingo kajifungua tena msichana, mweusi mzuri, analia kama honi. Teksi yetu, ile Reno ya babu yako Dadabe, inawaka kila asubuhi. Mara ya kwanza inakohoa tu, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiamka, mara ya pili inawaka.

Barua nimeiandika kwa mkono wangu. Shule mimi niliiona kwa nje, nikishusha abiria. Herufi zangu nilizitoa kwenye mabango ya barabarani, ndiyo maana naandika kubwa kubwa kama nauza sabuni. Vumilia.

Haya, neno lenyewe. Wiki iliyopita Rabenja, mwenyekiti wa kituo chetu cha teksi, alinijia mbele ya watu akiwa na uso wa msibani.

"Mama Razafy, umefanya kazi nzuri. Sasa kile kibao chako cha teksi, namba kumi na nne, tumpe mwingine."

"Kwa nini, kimenuka?"

"Umri, mama. Chama kimepitisha: ukivuka sitini na tano, unapumzika. Wewe sitini na saba."

"Nani kakwambia? Umenihesabu meno?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema petroli ya mwaka huu ni ya kugawana, inakuja siku mbili haiji siku tano, na wazee wanaitumia vibaya, wanawanyima wenzao. Volatiana, mimi. Mimi ambaye nimeendesha teksi kwenye vilima vya mji huu miaka ishirini na sita, na chupa ya petroli, ndiyo tangi langu, kando ya mguu wangu, nikijua kila tone linaloingia kwenye mpira wa kwenda injini. Nikapandwa na hasira. Nikasema mbele ya madereva thelathini: "Nipe lita moja, wape na hawa lita moja moja, tuone nani atafika mbali."

Rabenja akanishika kwa neno langu hapo hapo. Jumapili ya tarehe 13 Agosti, kutoka Tanjombato, barabara ya kusini, lita moja kila gari. Nikiwa kati ya watatu wa kwanza, kibao ni changu mpaka nikichoke mwenyewe. Nisipokuwamo, nakishusha siku ile ile, nabaki nyumbani kuchambua mchele.

Mimi sitaki kuchambua mchele. Nasikia huko uliko unafundisha madereva wa malori kuendesha bila kumaliza mafuta, na kampuni inakulipa kwa hilo. Basi nifundishe na mimi. Na uje.

Bibi yako, Razafy

*

Antsiranana, 4 Aprili 2006

Nenibe wangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika na basi la Jumatano, imekunjwa ndani ya gazeti lenye harufu ya samaki mkavu, nikaisoma nimesimama. Mimi mzima, nakula wali, hata mara nne. Upepo wa huku unaangusha masufuria ukutani. Mpongeze shangazi Haingo, mwambie anitumie jina la mtoto.

Nenibe, nilipofika kwenye lita moja nilipiga kelele ofisini mpaka fundi akaja mbio kuuliza nani kaumia. Unaweza. Nakwambia kweli, unaweza kuwashinda wote. Nina madereva kumi na wawili hapa, wanaume wenye shingo kama magogo, na nimewapunguzia mafuta bila kugusa hata skrubu moja ya injini. Yote yako mguuni na machoni.

Kwanza, weka bakuli juu ya dashibodi, ulijaze maji mpaka karibu na ukingo, kisha uendeshe. Maji yakimwagika, ujue umemwaga na petroli. Pili, tazama mbali. Usitazame tako la gari lililo mbele yako, tazama gari la sita. Ukiona kule mbele wanasimama, wewe hapa ondoa mguu mapema, ufike wakati wao wanaondoka. Gari lililosimama likitaka kuondoka tena linakula kuliko linalotambaa. Tatu, panda gia mapema, injini isipige kelele bure. Nne, matairi yajae upepo. Na tano, toa mizigo yote nyuma. Najua kuna gunia la mkaa, jeki mbili, na lile jiwe la Dadabe la kuzuia gurudumu mlimani.

Kuja, Nenibe, kwa sasa siwezi. Kazi ni nyingi, kuna malori mapya. Tutaona baada ya mavuno ya chumvi.

Msalimie mjomba Ndriana, kama anapokea salamu zangu.

Mjukuu wako, Volatiana

*

Antananarivo, 27 Aprili 2006

Volatiana,

Chumvi inavunwa lini huko? Nimemwuliza dereva wa basi, kasema inavunwa kila siku. Usinifanye mjinga.

Hujambo lakini. Mtoto wa Haingo anaitwa Mialy, anakula, ananenepa. Jirani kanipa nusu bata. Baridi imeanza kunitafuta magotini.

Sasa sikia mambo ya bakuli. Maji matupu niliona ni ushamba, nikajaza maji ya ukoko wa wali, yale ya moto, yale yanayonukia. Siku ya kwanza nilifika sokoni suruali yangu imelowa mpaka watu wakanipa pole. Abiria mmoja, bwana mwenye tai, akauliza, "Mama, hiki ni nini?" Nikamwambia, "Ni mwalimu wangu, kaa kimya." Siku ya nne lilimwagika robo. Siku ya kumi na moja, mjukuu wangu, nilipanda mpaka hospitali ya juu na kushuka mpaka ziwani, bakuli likabaki limejaa, nikalinywa pale pale likiwa vuguvugu, na yule muuza vitumbua akadhani nimepata wazimu kwa jinsi nilivyokuwa nacheka peke yangu.

Na chupa inaonyesha. Ile ile petroli iliyokuwa inanifikisha Jumanne jioni, sasa inanifikisha Jumatano chakula cha mchana. Naiona kwa macho yangu, iko hapa kando ya mguu, haishuki. Nikiiona haishuki nasikia damu inapiga kama nina miaka ishirini.

Mkaa nimeutoa. Jeki moja nimetoa. Jiwe la Dadabe wako sitoi, usiniambie tena.

Lakini Rabenja kaniwekea mwiba. Jana kabandika sheria: siku ya shindano, ni marufuku gari kutembea injini ikiwa imezimwa. Ndani ya kila gari atakaa shahidi. Ukizima tu mteremkoni, umetoka. Petroli ikiisha yenyewe, hapo gari libingirike mpaka lisimame, na pale linaposimama ndipo panapohesabiwa. Umeona? Kanikata mguu. Unajua sisi tulivyoishi katika nyumba hii. Ukifika juu ya kilima unazima, na kwa kuwa swichi ya Reno imechakaa, usipochomoa ufunguo haizimiki. Unachomoa, unauma kwenye meno, unashuka kimya kama ndege, chini unaurudisha unawasha. Dadabe wako alishuka hivyo miaka yote, nami baada yake, nawe nilikufundisha hivyo ukiwa na miaka kumi na sita.

Nitafanyaje sasa? Niandikie haraka.

Mjomba wako Ndriana salamu kapokea. Hakuzikataa. Kanunua gari jingine baada ya lile la ajali.

Volatiana, siku ile kwenye mteremko wa kwake, ilikuwaje hasa?

Bibi yako

*

Antananarivo, 11 Juni 2006

Volatiana,

Wiki sita. Mabasi yamekuja na kurudi, nimekwenda kituoni mpaka makonda wananiita shangazi yao. Huandiki. Sitaki kujua umekasirika nini. Nataka kujua kama uko hai, na nifanye nini kwenye miteremko. Kama lile swali langu la mwisho ndilo limekukwama kooni, liteme, nitalichukua mwenyewe. Nyumba nzima ni wazima.

Bibi yako

*

Antsiranana, 28 Juni 2006

Nenibe,

Nisamehe. Mimi mzima. Sijakasirika, nimekuwa nikiandika na kuchana. Hii sitaichana.

Naanza na miteremko kwa sababu ndiyo rahisi. Usizime, na gia usitoe. Ondoa mguu tu kwenye petroli, acha gurudumu ndilo lisukume injini. Angalia chupa utaona, injini itakunywa kidogo sana, kama mtu anayeonja mchuzi. Na usisubiri kufika juu ya kilima ndipo uondoe mguu. Ondoa hatua thelathini kabla, mwendo ulio nao utakuvusha. Kabla ya kupanda jipe mwendo kule bondeni, kisha panda bila kukanyaga zaidi, hata kama gari linapungua. Wenzako watakanyaga kwa sababu kilima kinawatia hofu. Wewe usikiogope.

Sasa swali lako.

Mjomba alinipa gari lake jipya nije kukuchukua sokoni. Nilikuwa na furaha, Nenibe, nilitaka unione. Nilipofika juu ya ule mteremko, mkono ulifanya ulichonifundisha, sikuuamuru. Nilizima, nikachomoa ufunguo, nikauma kwenye meno. Gari la mjomba si Reno. Ukichomoa ufunguo usukani unajifunga, na breki zinakuwa ngumu kama ukuta. Nilikwenda moja kwa moja pale barabara inapokata kona, nikaingia kwenye shamba la mpunga la watu.

Mjomba aliponiuliza nilisema breki zilikufa. Ningesemaje? Ningesema nilifanya kama Nenibe alivyonifundisha? Wangekunyang'anya Reno siku ile ile. Fundi akazipima, akasema breki ni nzima, na mjomba akasema mbele ya wote kwamba mimi ni mwongo na nisiguse tena usukani wa mtu wa ukoo huu. Nikaja huku ambako hakuna wa ukoo.

Kuna kitu kimoja sikielewi mpaka leo. Mjomba alipofungua mlango, ufunguo ulikuwa mahali pake, kwenye swichi. Mimi sikumbuki kuurudisha. Nakumbuka tope, na ladha ya chuma mdomoni.

Sasa unajua. Siji kwa sababu hiyo. Lakini tarehe 13 Agosti sitafundisha mtu, nitakaa kwenye ngazi za ofisi tangu asubuhi nikikuwazia. Toa lile jiwe, Nenibe. Tafadhali.

Volatiana

*

Antananarivo, 20 Agosti 2006

Mjukuu wangu Volatiana,

Hujambo. Sisi wazima, Mialy ana jino, baridi imepungua, nusu bata ililiwa zamani. Siwezi kusalimu zaidi kwa hamu ya kukusimulia, na naanza na Jumapili.

Tulikuwa magari ishirini na mawili Tanjombato, asubuhi na ukungu. Kila mmoja akapimiwa lita yake, chupa ikafungwa kando ya mguu. Mashahidi wakapigiwa kura. Nani kaangukia gari langu? Rabenja mwenyewe, na tumbo lake lote. Nikamwambia, "Wengine wamepewa watu, mimi nimepewa gunia."

"Mama, kura ni kura."

"Basi koti vua, viatu vua, na ulichokunywa asubuhi kamwage kule."

Koti akavua, nadhani kwa kuniogopa. Nami nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa jiwe la Dadabe wako, nikaliweka kando ya barabara juu ya kitambaa changu. Usiseme kitu. Nililitoa kwa kuwa uliniomba mara mbili.

Tukaondoka. Vijana wakaruka kama mbuzi waliofunguliwa, nikabaki wa mwisho. Rabenja akaniuliza kama nimelala. Nikapanda gia mapema, nikatazama gari la sita, na lilipokuwa halipo nikatazama mti wa mwisho ninaouona. Bakuli lilikuwepo, limejaa maji ya ukoko. Kila nikikaribia juu ya kilima naondoa mguu, Reno inavuka yenyewe, naishusha na gia yake ndani, na chupa kimya, inaonja tu. Mkono wa kulia, nakwambia ukweli, ulikwenda kwenye ufunguo mara tatu. Mara tatu niliupiga kofi. Rabenja akauliza kuna mbu?

Jiwe la kilomita la kumi na tano nikampita wa kwanza amesimama, kofia ya injini juu. La kumi na saba, wanne pamoja, wanakula mihogo. La kumi na nane, kumi. Rabenja alikuwa ameanza na uso wa msibani, sasa amekaa ukingoni mwa kiti, anahesabu kwa sauti kama anauza samaki. "Kumi na tano, mama. Umewapita kumi na watano."

"Kaa katikati, unaliinamisha gari."

Kwenye jiwe la ishirini ndipo kinapoanza kile kilima kirefu cha watengeneza matofali, na chupani palikuwa na petroli ya kina cha kucha. Bondeni niliipa Reno mwendo, kisha nikapanda. Sikukanyaga. Pale katikati palikuwa na magari matatu yamekufa, wenyewe wanayasukuma pembeni, wakanipigia makofi. Reno ikawa inapungua, inapungua. Chupa ikawa tupu kabisa, mpira ukavuta hewa, injini ikakohoa kile kikohozi cha asubuhi, ikanyamaza. Juu ya kilima ilibaki kama urefu wa nyumba mbili.

Rabenja akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mama, twende."

Mtu mzima, mwenyekiti, anainama mbele na tumbo lake akisukuma dashibodi kwa mikono, kana kwamba gari linasikia. Tukawa tunakwenda kama bata anayevuka njia. Volatiana, lile jiwe lina kilo nane. Lingekuwa ndani, tungesimamia pale. Hatukusimama. Reno ikainamisha pua.

Na mteremko wa upande wa pili unaujua. Injini imekufa yenyewe, sheria inaruhusu, na nani katika mji huu anajua kushusha gari kimya kuliko mimi? Tulishuka na upepo tu madirishani. Tukampita mmoja aliyeishia mteremkoni kwa kuwa aliogopa kasi akaua mwendo kwa breki. Tukampita mwingine chini penye daraja. Rabenja anapiga kelele mpaka bakuli likamwagika lote, mapajani mwake, siyo mwangu. Tukasimama hatua kumi na nne nyuma ya gari la Rado, yule kijana mwembamba mwenye gari jepesi kama kikapu. Nimekuwa wa pili. Hatua kumi na nne nilizipima kwa miguu yangu, na namba ya kibao changu ni kumi na nne, basi nikaona ni haki yangu.

Rabenja alitoka suruali imelowa, akasema mbele ya wote, "Kibao ni chake mpaka akichoke." Kisha akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema kwa mjukuu wangu wa Antsiranana, mwalimu wa malori. Sasa wanataka uje uwafundishe kituo kizima.

Haya. Nimeandika sana ili nisifike hapa, nimefika.

Ufunguo niliurudisha mimi. Nilikuwa pale sokoni, chini ya ule mteremko, nachagua mboga, nikaliona gari linakuja kimya. Kimya chake nikakijua kabla sijamjua dereva. Nikakimbia, kwa magoti haya. Nilikuwa wa kwanza kukufikia. Ulikuwa umekaa umefumbua macho na huoni, na ufunguo kwenye meno. Niliutoa mdomoni mwako kwa vidole vyangu, nikaurudisha kwenye swichi, ndipo Ndriana akafika. Nilijua kila kitu tangu dakika ile. Na uliposema breki, nikanyamaza. Na Ndriana alipokuita mwongo, nikanyamaza, nikitazama chini kama naokota mboga zangu. Niliogopa watasema Razafy kamfundisha mtoto kujiua, wanipokonye gari. Wewe ulidanganya ili kunificha mimi. Mimi nilinyamaza ili kujificha mimi. Hivyo viwili havilingani, na nimekaa navyo miaka miwili na miezi minane. Ndiyo maana nilikuuliza. Nilitaka useme wewe kwanza, ili mimi nipate pa kushika. Hiyo nayo si nzuri.

Jumatatu, siku moja baada ya shindano, nilikwenda kwa Ndriana na Reno. Nilimwambia yote, nimesimama, sikukaa. Akasema, "Mama, ungeniambia siku ile." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilimwita mwongo mbele ya watu." Nikasema ndiyo, utamwomba msamaha mbele ya watu hao hao. Akauliza unakuja lini. Nikamwambia nitakuandikia.

Basi sikia nitakavyo, na usiniletee habari za chumvi. Panda basi la mwezi wa tisa. Usinunue zawadi, lete mguu wako ule mwepesi. Ukifika, jiwe la Dadabe liko mlangoni kwangu, linazuia mlango usifungwe na upepo, liache hapo. Nitakuwa nimekaa kiti cha abiria ndani ya Reno. Utanipeleka mpaka juu ya mteremko wa kwa mjomba wako, mchana, watu wakituona, na Ndriana atakuwa chini anatusubiri. Uondoe mguu hatua thelathini kabla. Uiache gia ndani na injini ikiwaka. Mkono ukitaka kwenda kwenye ufunguo, uupige kofi, na usipouwahi nitaupiga mimi.

Bibi yako, Razafy, kibao namba kumi na nne